Doa la Shavu la Kushoto

Siku mliyoniaga studioni, Patient na Nadège, vijana wangu wa kazi, mliniomba namba. Mlisema: Mama Feza, utuandikie mwanga asilimia ngapi na giza asilimia ngapi, ili uso wa mtu utoke kama ulivyokuwa unatoka mkononi mwako. Basi namba ni hizi. Mwanga asilimia tano, giza asilimia nne, brashi laini, pana kuliko unavyodhani. Nimemaliza. Aliyetaka namba tu aache kusoma hapa arudi kazini, maana najua watu wa picha za vitambulisho wamejaa kwenye benchi na wamenuna.

Yaliyobaki si namba. Huu ni mwezi wa pili niko nyumbani. Daktari amesema macho yangu yametazama kioo cha kompyuta kupita kiasi, na ni kweli nikitazama ukuta mweupe naona vidoa vyeusi vinaelea, nikivifuata vinakimbia. Kazi yangu ilikuwa kufuta madoa ya watu. Sasa nimegawiwa ya kwangu, na hayafutiki. Habari za mshahara na vyeo sitaziandika. Studioni kwetu vyeo vilikuwa viwili tu, mwenye ufunguo na asiye nao, na mimi niliupata ufunguo kwa sababu mwenyewe alikuwa anausahau.

Mwenyewe alikuwa Papa Anselme. Ninyi mnaijua picha yake ukutani tu, ile ya mzee mwenye mikunjo. Nilipokwenda kwake mara ya kwanza nilikuwa msichana niliyemaliza shule, baba yangu mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kisangani kutoka Kindu, na nilijua picha kama kila mtu anavyojua, yaani kuvaa vizuri na kukaa wima. Papa Anselme alikuwa mtoto wa mto. Baba yake alikuwa mtu wa meli, naye alikulia juu ya meli mpaka alipopata kamera. Siku ile aliniingiza katika chumba cha giza, akafunga mlango, akawasha taa nyekundu.

"Mama, unajua kuhesabu?"

"Ndiyo, papa."

"Unahesabuka namna gani?"

"Moja, mbili, tatu."

"Hapana. Ile ni ya duka. Hapa tunahesabu na mto."

Akanifundisha. Mashine ya kukuza picha ilitupa mwanga juu ya karatasi, na sekunde zake alizihesabu kwa bandari za kushukia mto, akizitaja polepole, kila bandari sekunde moja: Yanonge, Yangambi, Isangi, Basoko, Bumba, Lisala. Kadiri mwanga unavyokaa juu ya karatasi ndivyo mahali pale panavyokuwa peusi. Kwa hiyo uso wa mtu mweusi unauzuia ukifika Isangi, lakini shati lake jeupe unaliacha liende mpaka Bumba, ama sivyo shati litatoka bila vifungo na uso utatoka bila macho. Kuzuia alitumia kiduara cha karatasi ngumu kilichofungwa kwenye kijiti cha chuma cha gurudumu la baiskeli. Kukoleza alitumia mikono yake miwili, ameikunja akaacha tundu dogo katikati ili mwanga upite hapo tu. Na mkono hautulii hata kidogo, unatikisika muda wote, kwa sababu ukitulia unaacha alama ya duara na kila mtu ataona kwamba umepita hapo. Mwezi mzima wa kwanza picha zangu zote zilikuwa na watu wenye mbalamwezi kwenye paji la uso. Papa Anselme alizibandika ukutani, wateja wakawa wanacheka.

Kitu alichokirudia mpaka nikakichoka ni hiki: "Usipake, Feza. Sura iko ndani tayari. We unaitafuta tu." Cha pili kilihusu negativu, kile kipande cha filamu ambacho picha hutolewa humo. Kila moja aliiweka ndani ya bahasha yake, akaandika jina na kijiji, akaipanga ndani ya makopo ya biskuti, na hakutupa hata moja, hata ya mtu aliyefumba macho. Nikamwuliza kwa nini tunatunza takataka. "Picha unaweza kuharibu, utafanya ingine," akasema. "Négatif ukiharibu, utaenda kumuomba mutu uso ingine wapi?"

Nilicheka. Nataka mjue kwamba nilicheka.

Kesi ngumu za wakati ule zilikuwa za harusi. Bibi harusi amepakwa poda mpaka shingoni, gauni jeupe, na bwana harusi wake mtu wa Banalia mweusi tii aliyevaa koti jeusi, wamesimama mbele ya pazia jeusi kwa sababu mama mkwe amelipenda. Filamu za zamani hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Ukiacha mashine ifanye itakavyo, unapata bibi harusi na meno. Mara moja nilitupa karatasi kumi na moja kumtafuta bwana harusi wa namna hiyo, na alipotoka, kila mkunjo wa paji lake mahali pake, Papa Anselme hakunisifu. Alisema tu, "Alikuwa pale," akaenda kula.

Kisha ikaja kompyuta. Papa Anselme alikuwa amezeeka, kifua kinamsumbua, lakini alitaka kuona. Nilimfungulia programu ya picha nikamwonyesha vifaa viwili vinavyokaa pamoja upande wa kushoto, ambavyo kwa Kifaransa chake vinaitwa densité moins na densité plus, sisi tukaviita moins na plus basi. Moins inaangaza, plus inakoleza. Alisogeza miwani. Alama ya kwanza ilikuwa kiduara cheusi kwenye kijiti. Ya pili ilikuwa mkono uliokunjwa.

"Baliiba waya yangu!" akasema. "Ona! Na mukono yangu, baliichukua!" Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba, tukampa maji.

Hakukaa sana baada ya hapo. Alipokuwa mgonjwa alinituma nimletee picha yake tuliyoiandaa kwa ajili ya matanga yake, akaitazama, akaniambia: "Usinifanye kijana, Feza. Uache mikunjo yote. Ile niliitafuta mimi mwenyewe." Nikaiacha. Ni hiyo hiyo ukutani.

Baada yake niliharibika, na nilishangiliwa wakati naharibika. Kompyuta haikuwa na haraka kama karatasi. Hakukuwa na dawa ya chumba cha giza ya kuisha, hakuna kilichotupwa, mtu unaweza kukaa juu ya shavu moja asubuhi nzima. Na wateja walikuwa wamebadilika. Hakuna aliyetaka kutafutwa tena, kila mtu alitaka kuangazwa, atoke mweupe. "Mama Feza, unifanye clair kidogo." "Mama Feza, tosha giza hapa chini ya jicho, nitaonekana mugonjwa." Wakisema tosha, nami natoa. Mkuu wa ofisi moja alikataa picha yake mara nne, na mara ya tano niliangaza mpaka mke wake akauliza ni nani. Akaipenda, ikatundikwa. Na misiba ndiyo ilinipa jina zaidi, kwa sababu kwetu marehemu anasimama mlangoni mwa uwanja wa matanga ndani ya fremu yenye maua, na yuko pia kwenye fulana za vijana wote wa familia, na hakuna anayetaka kumsindikiza mtu mwenye uso wa hospitali. Niliwasafisha wote. Watu walikuja kutoka Mangobo, kutoka Kabondo, wengine wakavuka mto kutoka Lubunga, wakiuliza yuko wapi yule mama wa mwanga. Nilivimba kichwa. Naisema bila kutia chumvi.

Sasa nisikilizeni jambo la umeme, kwa sababu ndilo lililonikamata. Ninyi mmekuta betri na paneli za jua. Wakati wangu umeme ulikatika bila kubisha hodi, na kazi ya saa mbili inapotea mbele ya macho yako. Kwa hiyo mkono wangu wa kushoto ulijifunza kuhifadhi wenyewe. Brashi mara tatu, hifadhi. Brashi mara tatu, hifadhi. Nilikuwa nahifadhi hata ninapozungumza na mteja. Na kwa kuwa diski ilikuwa ndogo na imejaa, nilihifadhi juu ya faili lile lile lililotoka kwenye kamera. Sikuweka nakala. Kila nilipohifadhi nilikuwa nafunika uso wa mtu kwa uso niliomtengenezea, na wa kwanza hauko tena duniani. Makopo ya biskuti ya Papa Anselme yalikuwa juu ya kabati, nyuma ya kichwa changu, yamejaa bahasha.

Kijana aliitwa Dieumerci. Alikuwa mtoto wa Mama Elize, muuza samaki wa moshi, watu wa Yanonge wanaokaa hapa mjini katika commune ya Kisangani, ule mtaa unaobeba jina la mji. Alikuwa amemaliza masomo ya kilimo na amepata kazi yake ya kwanza kwenye shamba la michikichi huko chini upande wa Basoko, wakamwomba picha nzuri ya kuweka kwenye dosie, jalada lake la kazi. Alikaa kwenye kiti akanigeuzia shavu la kulia. Nikamwambia atazame mbele. Akatazama, na ndipo nikaona upande wa kushoto: alama ya kuzaliwa, nyeusi kuliko ngozi yake, kuanzia chini ya jicho mpaka karibu na taya, kama mtu aliyelalia masizi ya sufuria. Katikati yake kulikuwa na mstari mwembamba usio na rangi.

Hakuniomba kitu. Hili nimelirudia kichwani mara nyingi, na kila mara linabaki vile vile. Alisema tu atapita baada ya chakula cha mchana.

Nilichukua moins, asilimia tano, nikaanza pembeni kuelekea katikati. Ilikuwa kazi nzuri. Sikuacha hata ukingo mmoja, vinyweleo vya ngozi vyote vilibaki, Papa Anselme mwenyewe asingejua nilipita wapi. Dakika ishirini. Brashi mara tatu, hifadhi. Aliporudi nikamgeuzia kioo. Akainua mkono akagusa shavu lake, si lile la kwenye kioo, lake mwenyewe.

"Mama, huyu njo mimi?"

"Njo wewe," nikamhakikishia kuwa ndiye. "Siku umelala muzuri."

Akacheka, akasema mama yake atafurahi. Na kweli Mama Elize alifurahi, alipita kesho yake na bakuli la samaki kunishukuru, ametembeza ile picha sokoni meza kwa meza.

Haukupita muda. Chombo alichopanda kushuka kazini kilizama baada ya Isangi. Kilikuwa kimejaa watu na mizigo, mnavijua. Tangu siku ile sijahesabu tena sekunde kwa bandari za mto, hata kwa kuchemsha yai. Wengine walifika ukingoni wanaogelea, wengine waliokotwa, wengine mto uliwapeleka mbali. Dieumerci hakuwa kwa wale wa kwanza wala wa pili. Habari zikaja kwamba chini huko Barumbu wavuvi wametoa maiti kadhaa majini, na joto lile haliwangoji watu, kwa hiyo kila familia itume picha kwa simu haraka, watalinganisha kabla ya kuzika.

Mama Elize alikuja studioni bila viatu. Simu ya kijana ilikwenda naye majini, ya mama ilikuwa ile ndogo ya kubonyeza, na picha za utotoni zililowa mwaka mto ulipoingia ndani ya nyumba. "Tuma ile ya muzuri," akaniambia. "Ile ya dosie." Niliituma mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na jina lake chini. Hakuna aliyetuuliza kama ana alama, na sisi hatukusema. Baadaye nilimwuliza Mama Elize kwa nini hakusema, akanishangaa. "Alama gani? Ile ni uso yake. Mutu anaelezaka uso?" Na mimi je? Mimi nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeifuta vizuri mpaka kichwani mwangu pia ikafutika.

Jibu lilirudi siku ile ile. Hayupo kwa wale. Tukamshukuru Mungu, tukashikana mikono tukaimba pale pale kati ya mataa.

Mtu asiyeonekana hana matanga. Wajomba walikuja kutoka Yanonge wakasema miezi imepita, tukae chini, tulie, tumalize. Mama Elize akakataa. Picha yake ilikwenda, alisema, na waliitazama, na walisema si yeye, kwa hiyo mtoto yuko mahali, labda amegonga kichwa, labda yuko kijijini kwa watu hawajui jina lake. Kila jioni alimwachia sahani. Dada wa Mama Elize alipoiondoa siku moja kwa kumhurumia, waligombana mpaka dada akarudi Yanonge. Alikonda. Aliacha kuweka meza sokoni siku za boti kufika, akawa anakwenda bandarini kutazama nyuso.

Ulikaribia mwaka ndipo akaingia studioni mwanamume mmoja wa makamo, mvuvi wa Barumbu, Tonton Bosco. Alikuja mjini kununua nyavu. Aliweka simu yake mezani akasema wakati ule wa ajali yeye alikuwa kwa wale waliotoa maiti, na kabla ya kuzika wasiojulikana alipiga kila mmoja picha, kwa sababu aliona si vizuri mtu aingie ardhini bila hata mmoja kumtazama. Watu saba. Aliwapiga chini ya miti, jua linazama, simu mbovu. Kila aliyemwonyesha hakuona kitu, giza tu. "Mama, balisema we unajua kutosha mwanga. Nataka utoshe, niyabandike ku beach, kwa bandari, familia zione."

Ilikuwa saa nane mchana, jenereta linanguruma nje, ninyi hamjaja bado studioni. Nilifungua ya kwanza. Moins, upande wa vivuli, asilimia tano. Huu ndio ulikuwa ule ufundi wa zamani na nilihisi mkono wangu umerudi nyumbani, nilikuwa natafuta, sipaki. Alitoka mama mmoja mwenye chale kwenye paji. Akatoka mzee. Akatoka mtoto, hapo nikasimama nikanywa maji. Wa nne likatoka kwanza paji, kisha pua, kisha shavu la kulia. Shavu la kushoto likabaki jeusi. Nikadhani ni kivuli cha jani. Nikaongeza mwanga, kivuli hakikuondoka. Nikaongeza tena. Kikatokea mstari mwembamba katikati, usio na rangi.

Nilijua. Tonton Bosco akainama kutazama.

"Ah, huyu," akasema. "Huyu alitupatia shida. Alikuwa kijana, na Kisangani balikuwa balituma picha ya kijana. Tuliangalia sana, mama. Mulefu ni ule ule, kichwa ni ile ile. Lakini ule wa picha alikuwa clair, na ku shavu hana kitu. Basi tukasema hapana, si yeye."

Nikafungua faili la Dieumerci nikaliweka kando ya ile. Aliyatazama yote mawili. Kisha alinitazama mimi, akavua kofia.

Nilikaa siku tatu kabla ya kwenda. Siku tatu hizo ndizo ninazoona aibu nazo kuliko zile dakika ishirini, kwa sababu zile dakika sikujua. Siku ya nne nikaenda. Mama Elize alikuwa uani anageuza samaki juu ya moshi. Alipoona bahasha mkononi mwangu akafuta mikono.

"Mama Elize, niko na kitu ya kukuambia. Si ya muzuri."

"Sema. Mwaka muzima batu bananiambia ya muzuri tu."

Nikampa. Aliishika mbali, kisha karibu. Akakaa chini kwenye kigoda, akaweka kidole gumba juu ya shavu la kushoto, akapangusa kama mtu anayefuta majivu kwenye uso wa mtoto.

"Njo yeye," akasema.

"Njo yeye, mama."

"Balimuzika wapi?"

"Barumbu. Tonton Bosco aliweka alama. Anajua fasi."

"Na ile picha tulituma?"

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanipotea. Nikasema tu: "Balimuangalia, bakasema si yeye. Juu ya shavu. Mi njo nilitosha, mama. Hakuniomba. Nilitosha mimi mwenyewe."

Moshi ulitupita. Samaki wakaanza kuungua upande mmoja na hakuwageuza. Kisha akasema, sauti ya chini, kwamba na yeye aliifurahia, alitembea sokoni akisema oneni mtoto yangu. Nikafikiri atanisamehe. Nilitamani sana. Ndipo akaniinulia macho.

"Kwetu, mutu akikufa, familia njo inamuoshaka. Mama yake, dada zake. Mi sikumuosha mutoto yangu, Mama Feza. We ulimuosha mbele, angali muzima."

Nilimsaidia kugeuza samaki.

Wiki ile walikaa matanga. Lakini kabla ya kukaa, Mama Elize alikuja studioni, akavuta kiti akakaa kando yangu, karibu kabisa. Alitaka picha ya mlangoni. Nikafungua ile ya dosie, na pembeni nikaweka ile ya Barumbu ili nifuate umbo la alama. Akaniambia, "Funga ile. Sitaki umuangalie hapo." Nikaifunga. Basi ikabaki sura safi niliyoitengeneza mimi, na kumbukumbu ya mama.

Nikachukua plus. Asilimia nne. Mara ya kwanza katika maisha yangu mteja aliniomba giza. Akaweka kidole chake juu ya kioo cha kompyuta, nacho kina mafuta ya samaki, akanionyesha. Inaanzia hapa. Chini kidogo. Hapana, umepita, rudi. Hapa ni nyeusi zaidi, huku inaisha polepole. Nilipofika katikati akasema pale niache njia, Dieumerci alipokuwa mdogo alianguka juu ya jiwe ngozi ikatoka, ikarudi bila rangi. Tulifanya kazi saa tatu. Nilihifadhi kila mara kwa jina jipya. Tulipomaliza alirudi nyuma mpaka mlangoni, akatazama kutoka pale, kama Papa Anselme alivyokuwa anatufundisha, kwa sababu karibu mtu anaona brashi na mbali anaona mtu. Aliegemea mlango akalia kwa sauti, na wateja wote wa benchi wakasimama.

Ndiyo kazi bora niliyofanya, na sikupaswa kuifanya.

Sasa maagizo, kwa sababu ndiyo niliyokusudia kuandika, haya mengine yamejiingiza. Fungueni diski kubwa, na ile ya pili pia, kuna folda yenye jina la Dieumerci. Ndani kuna faili moja. Kila mwaka maji yakipungua, Mama Elize anashuka Barumbu kusafisha kaburi. Picha iko pale msalabani, ndani ya fremu, imefunikwa na plastiki. Lakini karatasi yetu mnaijua, haivumilii jua. Giza ndilo linalotangulia kuondoka. Ikifika mwaka, uso unabaki mweupe, na shavu halina kitu. Kwa hiyo kabla ya kushuka atapita kwenu kuchukua nyingine.

Chapisheni kama ilivyo. Msiangaze kitu. Mtaona doa jeusi shavu la kushoto na mikono yenu itawasha kulishika, naijua mikono hiyo, nimeifundisha mwenyewe. Iacheni iwashe.

Kisha mkabidhini yeye mwenyewe mkononi, na msiende kuhudumia mtu mwingine. Ataweka kidole gumba juu ya shavu, atatazama, halafu atauliza kama alivyoniuliza mimi kila mwaka: "Njo yeye?" Macho yangu hayawezi tena kumjibu. Tazameni ninyi, tazameni vizuri, ndipo mjibu.